Kubadilisha kioo kilichopasuka kwenye mlango wa ndani na kuweka kioo cha usalama

Kioo cha mlango wa ndani kikipata ufa, mara nyingi hubandikwa tepu kikaachwa hivyo hivyo kwa miezi. Mlango ni mahali pabaya pa kuacha kioo chenye ufa. Upepo huupigiza, mtoto huusukuma kwa viganja, mtu aliyebeba vitu huufungua kwa bega au goti. Kioo cha kawaida kikivunjika hutoa vigae virefu vyenye ncha, na vingine hubaki vimesimama kwenye fremu vikielekea pale mkono ulipopenya. Mkono unapovutwa kurudi ndipo unapokatwa vibaya zaidi.

Kwa sababu hiyo usirudishie kioo cha aina ileile. Weka kioo cha usalama, na ukiweza badilisha vioo vyote vya mlango huo, hata vile ambavyo bado vizima, kwa kuwa navyo huenda ni vya aina ileile. Kazi ya mikono yenyewe haimshindi mtu mwenye subira na zana za kawaida za useremala. Kinachowashinda wengi ni yale ya kabla: kujua kioo gani kinafaa, kipimo gani kitaingia, na kama fito za kukishikilia zitatosha. Kioo cha tempa, yaani kile cha usalama kilichoimarishwa kwa moto, hakikatwi, hakichongwi wala hakitobolewi baada ya kutoka tanurini. Kikija kikubwa kwa milimita 2 zaidi ya nafasi yake, huna la kukifanya.

Tempa au lamineti

Vioo vya usalama vinavyotumika milangoni ni vya aina mbili. Kioo cha tempa ni kioo cha kawaida kilichokatwa kwa saizi yake, kikasuguliwa kingo, kisha kikapashwa moto hadi kupita nyuzi 600 za Selsiasi na kupozwa ghafla kwa hewa. Uso wa nje huganda kwanza. Sehemu ya ndani inapopoa baadaye hujikunja na kuuvuta uso huo, hivyo nje hubaki imebanwa na ndani imevutika. Kubanwa huko ndiko kunakokipa nguvu ya takriban mara nne hadi tano ya kioo cha kawaida cha unene huohuo. Kikivunjika, husambaratika chote kwa mara moja kuwa chembe ndogo zisizo na ncha ndefu. Udhaifu wake uko kwenye kingo na kona: uso unaweza kuvumilia kishindo cha bega, lakini pigo dogo la nyundo kwenye ukingo linatosha kukimaliza.

Kioo cha lamineti ni tabaka mbili za kioo zilizogandishwa pamoja na utando wa plastiki katikati. Kile cha kawaida zaidi ni cha milimita 6.38, yaani 3 na 3 za kioo na 0.38 ya utando. Mafundi na wauzaji wengi hukiita 6.4. Kikipigwa hupasuka, ila vipande hubaki vimeng'ang'ania utando na uwazi haufunguki. Faida yake nyingine ni kwamba hukatwa dukani papo hapo, na ukikosea kipimo bado kinaweza kupunguzwa na mtu mwenye ujuzi.

Kwa mlango wenye vioo vidogo vingi, lamineti mara nyingi ndiyo chaguo bora, maana tanuri nyingi za tempa haziwezi kupitisha vipande vidogo sana, na vioo vidogo ndivyo ambavyo hutofautiana kwa milimita moja mbili kila tundu. Pia chagua lamineti pale mlango unapofungukia ngazi, kwa sababu tempa ikivunjika huacha tundu tupu na mtu anaweza kuendelea kuanguka. Inapunguza sauti vizuri kidogo kuliko tempa. Kwa kioo kimoja kirefu kwenye fremu nyembamba, tempa ya milimita 4 au 6 ndiyo huingia kwa urahisi. Milimita 4 hufaa vioo vya wastani. Kioo kinachochukua karibu mlango mzima kiwe cha 6.

Yapo mambo yanayoonekana kama suluhisho na si suluhisho. Kioo chenye waya ndani si lazima kiwe cha usalama. Kile cha zamani ni dhaifu kuliko kioo cha kawaida cha unene huohuo, na mtu akikivunja, waya humnasa mkono katikati ya vigae. Karatasi ya plastiki ya usalama inayobandikwa juu ya kioo hufanya kazi kwenye kioo kizima tu, na iwe ile iliyopimwa kwa ajili hiyo. Kuibandika juu ya ufa ni kuficha ufa. Polikaboneti haivunjiki kirahisi na ina uzito wa karibu nusu ya kioo, ila huchubuka upesi na hutanuka sana kwa joto, kwa hiyo huhitaji nafasi kubwa zaidi pembeni.

Kabla ya yote, hakikisha mlango wako si wa kuzuia moto. Mlango wa aina hiyo huwa mzito, hujifunga wenyewe, mara nyingi huwa na kibandiko au kizibo kidogo chenye rangi kilichochomekwa kwenye ukingo wa juu au upande wa bawaba, na una utepe unaovimba kwa joto pembeni. Kioo chake, fito zake na hata misumari yake vilipimwa pamoja kama kitu kimoja. Ukiweka tempa ya kawaida humo, mlango hauzuii tena moto, ingawa kwa macho unaonekana sawa. Kazi hiyo waachie wanaofunga vioo vya moto.

Alama kwenye kona

Kioo cha usalama halisi huwa na alama ya kudumu kwenye kona moja, iliyochomwa au kupigwa mchanga, isiyotoka kwa kukwangua. Humo utaona jina la mtengenezaji na namba ya kiwango: EN 12150 kwa tempa na EN 14449 kwa lamineti kwa viwango vya Ulaya, ANSI Z97.1 kwa Marekani, AS/NZS 2208 kwa Australia na Nyuzilandi. Huenda pia kukawa na EN 12600 ikifuatwa na kitu kama 1C1 au 2B2. Hilo ni jaribio la kuuachia mzigo wa kilo 50 ubembee na kukigonga kioo kutoka urefu wa milimita 190, 450 au 1200. Namba ya kwanza ni daraja: 1 ndiyo ya juu, iliyopigwa kutoka 1200. Herufi inaeleza namna kinavyovunjika: A kama kioo cha kawaida, B kama lamineti, C kama tempa.

Kama huoni alama, vaa miwani ya jua yenye lenzi za kuchuja mng'ao na uangalie kioo kwa mshazari dhidi ya mwanga wa anga. Tempa huonyesha madoa au mistari ya kivuli iliyopangika. Lamineti hujitambulisha kwenye ukingo, ambako mstari wa utando huonekana kati ya tabaka mbili. Hayo yanasaidia kutambua kioo kilichopo tayari. Kioo kipya kisicho na alama usikipokee.

Angalia kioo kimeshikwaje

Kwenye milango mingi ya mbao, kioo hukaa ndani ya mfuo, yaani ngazi iliyochongwa kuzunguka tundu. Upande mmoja kuna mdomo ambao ni sehemu ya fremu yenyewe, na upande wa pili kuna fito nyembamba za mbao zilizopigiliwa. Ukitazama kwa karibu utaona mstari wa rangi kati ya ufito na fremu, na kona za fito zimekutana kwa mshazari wa nyuzi 45. Upande usio na mstari huo ndio mdomo, usijaribu kuubandua.

Kama hakuna fito bali kuna pati, yaani kinamo cha kushikilia kioo, iliyokauka kwa mteremko, mlango ni wa zamani. Kama hakuna fito wala pati pande zote mbili, huenda kioo kiliingizwa kwenye mfereji wakati mlango unaunganishwa. Huo unahitaji kukatwa upande mmoja wa mfereji kwa kisu na patasi, au kwa mashine ya kuchimba mifuo, ili upate mfuo wa kawaida wa kuwekea fito mpya. Kata upande usioonekana sana, na uende kidogo kidogo. Milango ya alumini na plastiki hutumia mpira na fito za kubana. Hizo hutoka kwa kusukumwa kutoka katikati, bila msumari wowote.

Kutoa kioo cha zamani

Vaa glovu nene zisizopenyeka kwa urahisi, miwani ya kinga, viatu vilivyofunika vidole na nguo ya mikono mirefu. Tandika shuka zito sakafuni pande zote mbili za mlango. Kioo kidogo kinaweza kutolewa mlango ukiwa umesimama, ila uukazie kwa kabari usicheze. Kioo kinachopita nusu ya urefu wa mlango ni salama zaidi ukiung'oa mlango kwenye bawaba na kuulaza juu ya meza mbili zilizotandikwa blanketi, fito zikiwa juu.

Bandika tepu pana juu ya ufa pande zote mbili, kisha bandika mistari ya kukatizana juu ya kioo chote. Tepu haizuii kuvunjika, inashikilia vipande visiruke.

Pitisha kisu chenye makali kwenye mstari wa rangi kati ya ufito na fremu, na kati ya ufito na kioo. Ukiruka hatua hii, ufito utatoka na bamba la rangi ya mlango. Rangi na pati za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi. Marekani, kwa mfano, ilipiga marufuku rangi hiyo majumbani mwaka 1978. Ukishuku hivyo, lowanisha kabla ya kukwangua, usipige msasa mkavu, na watoto wasiwepo.

Anza na ufito mrefu, katikati yake. Ingiza skrepa pana kati ya ufito na fremu, igonge taratibu, kisha ilaze kuelekea kwenye kioo. Ukipata upenyo, ingiza skrepa ya pili kando ya ya kwanza. Ufito utapinda kama upinde, na kona zake za mshazari zitajiachia zenyewe. Ukianzia kwenye kona utaivunja, kwa sababu imebanwa na mwenzake. Fito mbili ndefu zikitoka, zile fupi hufuata bila shida. Andika namba nyuma ya kila ufito na pale ulipotoka. Misumari iliyobaki ndani ya ufito ivute kwa koleo kutokea nyuma. Ukiigonga irudi mbele, kichwa kitapasua uso wa mbao.

Kioo kikiwa kimepasuka vipande, anza kutoa vya juu ukishuka. Ukitoa cha chini kwanza, cha juu kinaweza kuteleza kwenye mfuo na kukuangukia mkononi. Kipande kilichokwama kwenye pati usikivute: chokonoa pati kwanza kwa patasi ya zamani, au ilainishe kwa mashine ya hewa moto, ila si pale unaposhuku madini ya risasi, maana joto kali hutoa moshi wa sumu.

Sasa safisha mfuo mpaka uone mbao. Pati, gundi, uvimbe wa rangi na misumari ya zamani vyote vitoke. Pitisha kidole chenye glovu kuzunguka mfuo wote, taratibu. Kichwa cha msumari kilichojitokeza kwa nusu milimita kinaweza kuwa ndicho kitakachovunja tempa yako baada ya mwezi, siku mlango utakapojifunga kwa nguvu. Mbao zilizo wazi zipake rangi ya msingi na uziache zikauke kabisa, kwa kuwa utepe wa gundi na silikoni havishiki juu ya vumbi la mbao.

Kupima

Pima tundu likiwa tupu, kutoka sakafu ya mfuo hadi sakafu ya mfuo upande wa pili. Kosa la kawaida ni kupima sehemu ya kioo inayoonekana, ambayo hukosa sehemu iliyofichwa nyuma ya mdomo pande zote.

Pima upana sehemu tatu: juu, katikati, chini. Pima urefu sehemu tatu vilevile. Chukua kilicho kidogo zaidi. Kisha pima mshazari mmoja na wa pili. Zikitofautiana kwa zaidi ya milimita 3, tundu limepinda na kioo cha mraba kamili hakitakaa vizuri. Hapo kata kiolezo cha kadibodi ngumu, kijaribu kwenye tundu mpaka kiingie bila kulazimishwa, na umpelekee mkata kioo kiolezo chenyewe kikiwa kimeandikwa "juu" na "nje".

Kutoka kwenye kipimo kidogo toa nafasi ya pembeni. Kwa kioo ambacho upande wake mrefu hauzidi mita 1, toa jumla ya milimita 4, yaani 2 kila upande. Kwa kirefu zaidi toa 6. Nafasi hiyo ni ya lazima. Kiwanda kinaweza kukosea kwa milimita 2 hivi na bado kikawa ndani ya kanuni, na mlango wenyewe hujongea kidogo unapovutwa na uzito wake. Mfano: upana umetoka 452, 450 na 451, urefu 612, 613 na 612. Utaagiza 446 kwa 608.

Baada ya hapo angalia kama kioo kitashikwa vya kutosha. Kama mdomo una kimo cha milimita 10 na umeacha nafasi ya 2, kioo kinafunikwa kwa 8, hiyo ni salama. Usishuke chini ya 6.

Kwenye mlango wenye vioo vingi, pima kila tundu peke yake na ulipe namba. Hata milango ya kiwandani hutofautiana. Tofauti zikiwa ndani ya milimita 2 unaweza kuagiza vyote kwa kipimo kidogo zaidi. Zikizidi hapo, kila kioo kiwe na kipimo chake.

Unene, na hesabu ya fito

Hapa ndipo kazi nyingi hukwama kioo kikiwa tayari kimefika. Kioo cha zamani huenda kilikuwa cha milimita 3 au 4, na kipya ni kinene zaidi, tena kinahitaji utepe wa sponji pande zote mbili. Pima kina cha mfuo kutoka kwenye mdomo hadi uso wa mlango. Tuseme ni milimita 15, kioo cha zamani kilikuwa 4 na ufito 11. Ukiweka tempa ya 6 na utepe wa 1.5 kila upande, unatumia 9, unabakiwa na 6 kwa ufito. Ufito mwembamba hivyo hupasuka ukiupigilia. Ukiweka tempa ya 4, unatumia 7 na kubakiwa na 8, ambayo bado hushika msumari. Kama ni lazima kioo kiwe cha 6, tafuta au chonga fito zenye mdomo unaolalia uso wa mlango, ili unene wake usitegemee kina cha mfuo peke yake. Fito za zamani zinaweza kupunguzwa kwa randa upande unaogusa kioo, zikiwa nzima.

Uzito nao uhesabiwe. Kila milimita ya unene ina kilo 2.5 kwa mita ya mraba. Kioo cha sentimita 50 kwa 160 ni mita za mraba 0.8: kikiwa cha 4 ni kilo 8, kikiwa cha 6 ni kilo 12. Mlango mwepesi uliokuwa ukining'inia kwa bawaba mbili ndogo unaweza kushuka kwa nyongeza hiyo, kwa hiyo kaza skrubu zake au ongeza bawaba ya tatu kabla ya kioo kuingia.

Ukiagiza, andika "upana" na "urefu wima" kwa maneno, si namba mbili tu. Kioo chenye maua au mistari hakigeuziki, na muuzaji hawezi kukisia mistari yako iende wapi. Sema pia ni tempa au lamineti, unene, kingo zisuguliwe, na alama iwe kwenye kona gani. Baadhi ya vioo vya maua havipatikani kwa tempa, uliza mapema. Wakati unasubiri, ziba tundu kwa plaiwudi nyembamba ukitumia fito zilezile na misumari michache.

Kuweka kioo kipya

Kwa kioo kimoja cha mfano wetu utahitaji:

- utepe wa sponji isiyonyonya maji, wenye gundi, unene 1 hadi 1.5, mita 5 (mzunguko wa kioo ni mita 2.1, mara mbili kwa pande mbili, na ziada kidogo)
- vipande vya plastiki ngumu vya kukalia kioo, urefu milimita 25, unene sawa na nafasi uliyoacha
- misumari myembamba yenye vichwa vidogo, milimita 20 hadi 25, takriban 18
- nyundo ndogo, panchi ya msumari, drili yenye keekee nyembamba kuliko msumari, na kadibodi ngumu

Utepe huchaguliwa kuliko silikoni kwa sababu ni safi na kioo kinaweza kutolewa tena. Ukitumia silikoni, iwe ile isiyo na asidi. Ile inayonuka siki hula utando wa lamineti kwenye kingo na kuacha ukungu au mapovu. Pati ya mafuta ya kitani nayo isiguse lamineti kwa sababu hiyohiyo.

Bandika utepe kwenye mdomo wa fremu, ukirudi ndani milimita 1 kutoka ukingoni ili usionekane. Kona ziguswe tu, zisipandane, maana pakipandana kioo kitakaa kikiwa kimeinuka na kitabanwa mahali pamoja. Weka vipande viwili vya plastiki chini, kila kimoja kwenye robo ya upana kutoka pembeni. Kwa kioo kirefu kinachojaza mlango, mpangilio hubadilika: kipande cha chini kikae karibu na upande wa bawaba na kingine juu, karibu na upande wa kitasa. Hivyo uzito hushuka kwenye kona iliyo karibu na bawaba, na kioo chenyewe husaidia kuuzuia mlango usilale. Usitumie chuma wala kichwa cha msumari kama kikalio.

Shika kioo kwa watu wawili kikiwa kikubwa. Kalisha ukingo wa chini juu ya plastiki, kisha kiegemeze taratibu kwenye utepe. Angalia nafasi pande zote nne; iwe inaonekana na ikaribiane. Kama upande mmoja kioo kinagusa mbao, kitoe, tafuta kinachozuia, kirudishe. Usikisukume. Alama ya usalama ionekane pale ulipopanga.

Bandika utepe wa pili kwenye fito, upande utakaogusa kioo. Toboa matundu ya misumari kabla: ya kwanza na ya mwisho sentimita 5 kutoka kwenye kona, mengine kwa umbali usiozidi sentimita 15. Hiyo ni misumari 4 kwa ufito mfupi na 5 kwa mrefu. Fito fupi huingia kwanza, kisha ndefu huingia zikipindwa kidogo na kuachiwa zijinyooshe.

Msumari hupita kwenye ufito na kuingia kwenye mbao ya mlango, sambamba na kioo. Ulenge kidogo ukienda mbali na kioo. Ukilala kuelekea kioo, ncha yake itaingia kwenye ile nafasi ya milimita 2 na kugusa ukingo, na hapo tempa husambaratika mkononi mwako au usiku watu wamelala. Laza kadibodi juu ya kioo na uitelezeshe nyundo juu yake, ubavu wake ukiwa umelala, kwa mapigo mafupi. Milimita 3 za mwisho maliza kwa panchi. Ukikutana na fundo gumu, toa msumari utoboe upya; kulazimisha kunapindisha msumari, nao hupinda upande wowote. Anayetaka usalama zaidi atumie skrubu ndogo za shaba zenye vikombe, ambazo hazihitaji kupigwa kabisa na hurahisisha kazi siku kioo kitakapohitaji kubadilishwa.

Bana ufito kwa kidole gumba unapopigilia, kiasi cha utepe kulala lakini usisagike. Kioo kiwe kimekumbatiwa, kisiwe kimekabwa.

Kumalizia

Ziba vichwa vya misumari kwa pati ya mbao, piga msasa laini, paka rangi. Tepu ya karatasi kwenye kioo itolewe rangi ikiwa bado mbichi. Tone la rangi kwenye tempa usilikwangue kwa wembe: kwenye uso wake huweza kuwa na chembe ndogo za tanurini, na wembe huzikokota zikachora mistari isiyofutika. Tumia kitambaa chenye maji ya sabuni, au spiriti kidogo, ambayo isifike kwenye kingo za lamineti.

Funga mlango mara kadhaa kwa nguvu ya kawaida na usikilize. Mtetemo wa kioo maana yake ufito haujabana sehemu fulani. Bonyeza ufito kidole kwa kidole mpaka mtetemo ukome, kisha ongeza msumari hapo, si silikoni juu juu. Mlango ukianza kukwaruza sakafu au fremu, tatizo ni bawaba. Usikate mlango kabla ya kuzikaza. Ufa kwenye lamineti unaoanzia kwenye kona au kwenye ukingo karibu siku zote unaonyesha mahali kioo kilipoguswa na kitu kigumu, kwa hiyo toa ufito wa upande huo kwanza na utafute kabla ya kuagiza kingine. Tempa iliyovunjika yenyewe bila kuguswa mara nyingi ilijeruhiwa ukingoni wakati wa kuwekwa. Mara chache huwa ni chembe ya nikeli salfaidi iliyobaki ndani ya kioo tangu kiwandani.

Vipande vya zamani vifunge kwenye magazeti tabaka kadhaa, uviweke kwenye boksi gumu, ulifunge kwa tepu na kuandika "vioo" pande zote. Visichanganywe na chupa za kukusanywa upya, kwa kuwa kioo cha dirisha na mlango hakiyeyushwi pamoja nazo. Pitisha mashine ya kufyonza vumbi sakafuni, kwenye reli ya mlango na chini ya zulia lililo karibu, kisha pangusa kwa karatasi yenye unyevu na kuitupa, kwa sababu chembe ndogo za kioo hubaki kwenye kitambaa na kumkata atakayekitumia baadaye.